Mbega Wawili Kwenye Mlango wa Lori

Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya nywele chache zinazouzunguka upara wangu imekwisha kunyolewa na nusu bado, mwana wa rafiki yangu aliponipigia simu kusema baba yake hayupo tena. Alikata roho alfajiri, akaniambia, na mazishi ni saa saba. Nikamuuliza saa saba ya lini. Kwa sauti ya mtu anayejiuliza kama mzee amepoteza akili, akasema ni saa saba ya leo. Msomaji, mimi ni Mkamba. Kwetu mtu akifariki tunaanza na kamati, kamati inachagua mwenyekiti, mwenyekiti anaagiza chai, na hapo ndipo tunaulizana marehemu alikuwa akiugua nini. Kufikia siku ya kuzika, nusu ya kamati hawasalimiani. Ndugu zetu Waislamu hawana nafasi ya mchezo huo. Nikamwambia kinyozi aachie hapo alipofika, nikaazima kofia yake iliyokuwa ikining'inia ukutani, nikakimbia. Kule makaburini ndipo nilipogundua kwamba ile kofia ilikuwa na tangazo la dawa ya kupe. Nikasimama kando ya kaburi la mfanyabiashara wa mifugo aliyeheshimika kuliko wote Machakos, nikitangaza dawa ya kupe kwenye paji la uso, na hakuna hata mmoja aliyenicheka. Yeye angenicheka. Hapo ndipo uchungu uliponiingia sawasawa.

Wanaosoma safu hii wanajua kwamba siandiki majina ya watu. Ukiandika jina la mtu gazetini, ukoo wake wote unakuja kwa mhariri, wale uliowasifu wakidai hukusifu vya kutosha. Basi nitamwita Haji, kama mji mzima ulivyomwita tangu aliporudi kutoka Makka. Alizaliwa nyuma ya soko la Machakos, baba yake akiwa Msomali aliyefika hapa akifuata ng'ombe kwa miguu akaona mahali panamfaa. Haji alikua akicheza na watoto wa Wakamba, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu mimi, ambao ukiwasalimia kwa lugha ya mama zao wanakujibu kwa ile ya Nairobi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ndevu zake alizipaka hina hadi zikawa na rangi ya machungwa, ukimwona kwa mbali unadhani anakula kitu. Mimi aliniita mutumia, yaani mzee, kwa heshima ya Kikamba. Kuna wakati mgeni mmoja kutoka upande wa Kiambu alisikia akiniita hivyo na kwa muda mrefu alinitazama kwa huruma, kwa sababu kwao neno hilo hilo ni mwanamke.

Mimi nilikuwa mtu wa simiti. Shule niliiaga darasa la pili na hatukuandikiana tena. Lori langu la kwanza nililinunua kwa jasho la kupakia malori ya watu wengine, na la pili nililinunua kwa sababu la kwanza lilikuwa limeniharibikia Konza na nilikuwa na hasira. Sitaomba msamaha kwa mtu yeyote kwa kusema kwamba nilifanikiwa. Malori yangu yalitoka Athi River yakiwa yamejaa simiti, yakapanda Machakos, yakaenda Masii, Wamunyu, hata Kitui. Kisha yakarudi Athi River yakiwa hayana kitu. Ya Haji yalifanya kinyume. Yalishuka yamejaa mbuzi na ng'ombe kwenda kwenye machinjio kule Athi River, yakarudi nyumbani matupu. Tulikuwa tunapishana Kyumvi, pale barabara ya Machakos inapoiacha ile ya Mombasa, lori langu limejaa na lake limejaa, au langu tupu na lake tupu, madereva wakipigiana honi kama watu wenye akili. Miaka ilipita hivyo. Wasomi wangeita jambo hilo kwa jina refu. Mimi naliita ujinga wa watu wawili wanaojiona wajanja.

Siku moja tulikutana pale Kyumvi, tairi langu limepasuka na injini yake inachemka, na tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha lori lake ndipo alipouliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwa nini mimi nasafirisha hewa kwenda Athi River. Nikamwambia kwa sababu ile ile inayomfanya yeye aipandishe hewa hiyo hiyo Machakos. Tukacheka, tukapeana mkono. Mimi ningemshushia mbuzi, yeye angenipandishia simiti. Ilionekana rahisi sana, na mambo yote yanayoonekana rahisi kivulini huwa hivyo hadi uyaanike juani.

Mbuzi wa kwanza waliingia kwenye lori langu wakiwa weusi, wekundu na wa madoadoa. Wakashuka Athi River wakiwa wa rangi moja, kijivu, hadi kwenye kope. Hatukuwa tumefagia vumbi la simiti. Mkaguzi pale langoni aliwatazama akauliza hawa ni mbuzi wa aina gani, na Haji, ambaye alikuwa ametangulia kwa pikapu yake, akamjibu kwa uso mkavu kwamba ni mbuzi wazee. Mkaguzi akasema wao hawanunui wazee. Ikabidi tuwapige mbuzi makofi mgongoni mmoja baada ya mwingine hadi vumbi litoke, mbuzi wanapiga chafya, sisi tunapiga chafya, mkaguzi anapiga chafya na kutulaani katikati. Upande wa pili nao haukuwa salama. Simiti iliyopanda kwa lori la Haji ilijengea kanisa moja upande wa Masii, na baada ya mvua ya kwanza mchungaji alinijia dukani analalamika kwamba ukuta wa upande wa waimbaji unanuka beberu. Nilimpelekea Haji malalamiko hayo nikitaka tutafute dawa. Yeye akauliza ni mchungaji wa namna gani huyo anayeogopa harufu ya mbuzi. Lakini siku iliyofuata alinunua mafagio na maturubai ya kutandika, ya malori yake na ya kwangu, na tangu hapo mbuzi walishuka na rangi zao na makanisa yakanuka makanisa. Nimewasikia vijana wakieleza kwenye redio kwamba ushirikiano wa kampuni ni maono. Wetu ulikuwa fagio.

Kisha ukaja ugonjwa wa miguu na midomo. Serikali ikaweka karantini, minada ikafungwa, na hakuna mguu wa ng'ombe ulioruhusiwa kuvuka barabara. Malori ya Haji yakasimama kwenye yadi yake nyuma ya soko, kuku wakawa wanataga ndani. Wakati huo huo kiwanda kimoja cha simiti Athi River kikatangaza kwamba kimechoka kushughulika na kila mzee mwenye lori lake. Kilitaka kampuni moja tu ya kukipelekea simiti Ukambani kote, yenye malori ya kutosha, isiyokuja na visingizio. Ikajulikana mara moja kwamba kuna kampuni kubwa ya Nairobi yenye trela ndefu zinazong'aa, imekwisha kuweka jicho pale. Mimi peke yangu nilikuwa na malori machache mno. Haji peke yake alikuwa na machache kuliko hayo. Aliniita kwenye yadi, akamfukuza kuku mmoja kwenye kiti cha dereva ili nikae, akaniambia mambo yake yalivyo. Ile kampuni ya Nairobi ilikuwa imemtumia mtu wa kuyanunua malori yote. Kama kazi ya kiwanda haitapatikana, atayauza, na madereva wake, ambao wengine baba zao waliswaga ng'ombe pamoja na baba yake, atawaambia warudi nyumbani. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Mtu anayelia unaweza kumwambia nyamaza. Anayeongea hivyo humwambii kitu. Nikamwambia tuungane tuwe kampuni moja, twende kiwandani pamoja.

Kiwanda kikakubali kutuona. Mkubwa wake wa usafirishaji akasema atakuja mwenyewe Machakos kuyakagua malori, na kwamba anataka kuona kampuni, si wazee wawili wanaojuana. Maana yake malori yote yawe na jina moja. Hapo ndipo tulipokaribia kuachana kabla ya kuoana. Tulikaa kwenye hoteli moja karibu na stendi, chai ikaletwa, na Haji akasema jina lake litangulie kwa sababu ukoo wake ulianza usafirishaji kabla ya wangu. Nikamkumbusha kwamba ukoo wake ulisafirisha ng'ombe kwa kutumia miguu ya ng'ombe wenyewe. Nikasema langu litangulie kwa sababu malori yangu ni mengi. Akasema ni kweli ni mengi, hasa yale yaliyosimama juu ya mawe. Chai ikapoa. Ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Mwishowe Haji akasema tuyaache majina yote mawili, tuiite kampuni kwa namna tutakavyofanya kazi. Akapiga bega lake, akanyoosha mkono akapiga langu, akasema, na mimi nikakubali papo hapo, kwamba hilo ndilo jina.

Sasa ni lazima nieleze jambo la ulimi wetu, kwa faida ya wasomaji wa mbali. Mkamba hasemi gari, anasema ngari. Basi la abiria ni mbasi, na dawa ni ndawa. Kwetu herufi b haitembei peke yake, inataka m ya kuisindikiza. Si makosa. Ni lafudhi, kama vile wengine wanavyokula herufi na hakuna anayewauliza zimeenda wapi. Haji, kwa vile alilelewa na majirani zetu, alisema vivyo hivyo. Kwa hiyo pale mezani tulielewana kabisa. Yeye alisema Mbega kwa Mbega, mimi nikasema Mbega kwa Mbega, na sote wawili tulikuwa tunazungumzia mabega.

Malori yote yalikuwa yamepelekwa gereji Athi River kupakwa rangi, na fundi wa maandishi alikuwa mtu wa pwani ya kusini, mwenye Kiswahili safi na heshima nyingi, aliyetufahamu sote wawili kwa sura. Nilimpigia simu kutoka dukani kwangu, na simu za siku zile zilikuwa zinakaanga maneno kabla ya kuyafikisha. Nikamwambia jina la kampuni ni Mbega kwa Mbega. Akauliza ni mbega, mzee? Nikamwambia mbega. Akauliza wawili? Nikamuuliza kwani mbega kwa mbega ni wangapi. Akauliza kama aandike tu au achore pia. Nikaona huyu ni mtu wa bidii, nikamwambia achore, apendeze. Akauliza wakae vipi. Nikamwambia wakae pamoja, wamesimama, kama mimi na Haji tulivyo. Akasema amenielewa vizuri sana. Kwa wasiojua, mbega ni mnyama. Ni jamii ya tumbili, mkubwa, mweusi, mwenye manyoya meupe yaliyoning'inia kama shuka, na kule kwao fundi huyo wamejaa hadi kwenye paa za hoteli. Hadi leo nashikilia kwamba mimi nilitamka sawasawa.

Malori yalirudi Machakos asubuhi ile ile ya ukaguzi, yakiwa yamefuatana. Mimi na Haji tulisimama kwenye lango la yadi, tumevaa nguo za sikukuu, na kabla hatujayaona tuliwasikia watu. Soko lilikuwa linacheka. Lori la kwanza likaingia, dereva akiwa ametundika koti lake nje ya dirisha kufunika mlango, na la pili dereva wake hakuwa na koti, kwa hiyo tukaona. Walikuwa mbega wawili, warefu kama watoto wa shule, wameshikana, na kwa kweli fundi alikuwa na mkono mzuri. Mmoja alikuwa na ndevu za rangi ya hina. Mwingine alikuwa na upara na tumbo. Chini yao, kwa herufi kubwa za manjano, palikuwa na jina la kampuni lisilo na kosa hata moja la tahajia. Ilikuwa hivyo kwenye kila mlango wa kila lori, na fundi, akiwa mtu wa haki, upande wa kulia alimtanguliza mwenye ndevu na upande wa kushoto akamtanguliza mwenye upara.

Haji alilizunguka lori lote polepole, mikono nyuma, kama anayekagua fahali mnadani. Akarudi akasimama karibu nami.

"Mutumia," akasema, "huyu iko na upara ni nani?"

Nikamwambia simjui.

"Na huyu wa ndevu?"

Nikamwambia huyo namjua vizuri.

Hakucheka. Mama mmoja anayeuza matunda pale sokoni alikuja na chane ya ndizi mbivu, akaiweka kwenye kidato cha lori, akasema kwa adabu zote, "Ni za wakurugenzi," akaondoka, na soko likaanza upya. Mimi nikataka tuchukue petroli na matambara tufute. Haji akanishika mkono. Alisema rangi haijakauka vizuri, tutalipaka lori lote matope na yule mkubwa atafikiri tumegonga kitu tunaficha. Nikasema tuyafunike na maturubai. Akasema maturubai yananuka mbuzi. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, kwamba yule mtu wa Nairobi aliyetaka kununua malori angefika kesho kuchukua jibu, na kwamba kama ni kuuza, afadhali angeuza jana, kabla hayajachorwa. Nilimtazama mwenye upara pale mlangoni, naye akanitazama.

Gari la kiwanda likaingia. Mkubwa wa usafirishaji alikuwa mtu mfupi, mwenye tai, mwenye uso uliokunjwa kama bahasha. Tulisikia kwamba siku iliyotangulia alikuwa Nairobi akionyeshwa zile trela zinazong'aa. Akasalimia, akatembea mbele ya malori moja baada ya jingine, akayatazama matairi, akainama chini ya chesisi, akafungua boneti. Aliyatazama yote isipokuwa milango. Nikaanza kuwa na matumaini kwamba labda haoni vizuri. Alipomaliza alirudi hadi lori la kwanza, akaliondoa koti la dereva kwa vidole viwili, akawatazama mbega mmoja baada ya mwingine.

"Wazee," akasema, "nani alisema hii ichorwe?"

Madereva wote walikuwa wanasikiliza. Lango lilikuwa limejaa watu. Haji angeweza kunyoosha kidole, na mji mzima ungemwamini, kwa sababu kila mtu alijua ni mimi niliyepiga simu. Angesema ni ulimi wa huyu mwenzangu, watu wangecheka zaidi, na yeye angebaki na heshima yake, hina yake na safari yake ya Makka. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kujibu kwa ukali.

"Ni sisi," Haji akasema.

"Sisi nani?"

Haji akanyoosha mkono hadi kwenye mlango wa lori. "Sisi hawa."

Ule uso wa bahasha ukatikisika upande mmoja, ukatulia. Yule mkubwa akakohoa. Akasema sawa, malori ameyaona, lakini anataka kuuliza jambo moja la mwisho, na alivyolisema tulijua ndilo alilolifuata. Alisema amezunguka nchi hii akitafuta watu wa kubeba simiti, na kila mahali anapokuta wawili wameungana, baada ya muda mfupi anakuta wawili wako kortini. Kwa hiyo anataka kujua leo, mbele ya kila mtu, ili siku simiti ikichelewa ajue atampigia nani simu.

"Hapa mkubwa ni nani?"

Msomaji, ungetuuliza swali hilo siku ya chai, tungejibu kwa pamoja na meza ingepinduka. Kila mmoja wetu angesema mimi. Lakini sasa kuwa mkubwa maana yake ilikuwa kuwa mkubwa wa mbega, kusimama mbele ya soko lote na kusema ndiyo, hii ni kampuni yangu, na huyu mwenye tumbo ni mimi. Nikamwonyesha Haji kwa kidole. Saa hiyo hiyo Haji alikuwa amenionyesha mimi.

"Ni yeye," nikasema.

"Hapana, ni yeye," Haji akasema. "Mimi niko chini yake kabisa."

Nikasema siwezi kuwa juu ya mtu aliyefika Makka. Akasema Makka si mambo ya malori. Nikasema yeye ndiye aliyetoa jina. Akasema mimi ndiye niliyelipitisha. Tulisukumiana hivyo hadi yule mtu akainua mkono tunyamaze. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona wenye mali wawili wakigombania kuwa mdogo. Alisema hayo akitutazama kwa heshima kubwa, kama watu waliofundishwa vizuri na wazazi wao. Kisha akainama, akachuma ndizi moja kwenye ile chane iliyokuwa kwenye kidato, akaimenya, akaila hapo hapo, akaingia garini akaenda. Jioni ile ile kiwanda kikapiga simu kwamba kazi ni yetu, na wiki iliyofuata tukaitwa kupakia.

Nasema kweli kwa sababu sijui kusema kitu kingine: hatukuwa wanyenyekevu. Tulikuwa tunaona aibu. Lakini aibu ilifanya kazi ambayo adabu ilikuwa imeshindwa kuifanya kwa vikombe vyote vile vya chai. Yule mtu wa Nairobi alifika kesho yake, Haji akamkaribisha, akampa ndizi zilizobaki, akamwambia malori hayauzwi. Madereva hawakurudi nyumbani. Karantini ilipoondolewa tulikuwa tunashusha mifugo na kupandisha simiti, na lori lililotembea tupu lilikuwa lile tu la dereva mwenye mke wa pili kule Katelembo. Milango hatukuifuta kamwe. Tulitaka kuifuta, lakini watu wa Wamunyu hadi Kitui walikuwa wamekwisha kuzoea kuja dukani na kuuliza kama simiti ya mbega imefika, na wakiambiwa kuna nyingine isiyo na mbega wanasema watangoja. Wenzetu walikuwa na majina ya Kiingereza yenye maana ya mbio na ya radi, na hakuna aliyekumbuka ni nani mbio na ni nani radi.

Tulifanya kazi hivyo hadi malori yalipozeeka kuliko sisi na trela zikashika barabara, kama tulivyojua zingeishika siku moja. Tukagawana yaliyobaki tukiwa tumekaa pale yadini, bila wakili, bila mashahidi, yeye akinisukumia yale mazuri na mimi nikimsukumia. Naona siku hizi kampuni za usafirishaji zikiungana kila mahali kando ya barabara ya Mombasa. Wanafanyia mikutano kwenye hoteli zenye mazulia, wanaleta washauri wenye mashine za kumulika picha ukutani, wanapeana mikono mbele ya wapiga picha. Baada ya muda nasikia wako kortini wakiulizana mkubwa ni nani. Huwa wananiita, kwa sababu mimi ni mzee na nina mdomo, niwaambie siri. Nimekuwa nikikataa kwa kuwa siri yenyewe haisemeki mbele ya watu waliovaa tai.

Siku moja, miaka mingi baadaye, nilimuuliza Haji kwa nini hakusema ni mimi. Tulikuwa tumekaa tu nje ya yadi yake, hatuna la kufanya, wazee wawili wenye magoti mabaya. Alifikiri kidogo, akasema ilikuwa hesabu tu. "Ningesema ni wewe, ningebaki mbega mmoja. Mbega mmoja nani atampea kazi?" Kisha akaagiza chai, na hiyo tuliinywa ikiwa moto.

Basi nitasema, kwa kuwa yeye hayupo wa kunikataza. Kijana unayetaka kuunganisha lori lako na la mwenzako, usimpime siku mnayogawana faida. Siku hiyo kila mtu anasema sisi, hata mwizi anasema sisi. Ngoja siku mtakayochekwa na soko zima, mtu mwenye tai aulize ni nani aliyefanya ujinga huu, na mwenzako anajua kabisa kwamba anaweza kusema ni wewe na kuamka kesho na malori yake. Msikilize anavyojibu. Akisema neno lile alilolisema Haji, mpe funguo za lori. Asipolisema, kunywa chai yako, mwambie kwaheri, na endelea kusafirisha hewa.